Nashika kila kanuni ya kanisa, lakini nyumbani wananiogopa

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, mtumishi.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Niliokoka nikiwa msichana na tangu hapo sijarudi nyuma. Sisemi hivi kujisifu, nataka tu uelewe kwa nini jambo hili linaninyima usingizi. Naamka kuomba kabla hakujapambazuka. Zaka natoa kabla sijagusa fedha nyingine. Sivai hovyo, sisikilizi nyimbo za dunia, sikai na watu wa mizaha. Nafunga kila juma, na kanisa likitangaza mfungo mrefu, jina langu huwa la kwanza. Nina daftari ninalojiwekea alama: maombi, sura za Biblia nilizosoma, mfungo, kushuhudia. Jioni nikiona mistari yote ina vema, nalala kwa amani.

Mfungo uliopita, siku ya mwisho, nilikuwa mezani naandika kwenye daftari hilo. Binti yangu wa miaka 11 akapita na glasi ya maji, ikamponyoka, maji yote yakamwagikia daftari. Wino ukaanza kutambaa. Mtumishi, maneno yaliyonitoka siwezi kuyaandika hapa. Hata adui humwambii vile. Mtoto hakulia. Alichukua kitambaa, akawa anafuta meza polepole, halafu akasema bila kuniangalia: "Mama, ukiwa umefunga huwa naomba siku ziishe haraka." Baba yake alikuwa pale pale. Hakumkanya.

La pili ni mdogo wangu. Aliacha kanisa miaka mingi, akaishi alivyotaka, akawaliza sana wazazi wetu. Sasa amerudi. Jumapili aliposimama kutoa ushuhuda, kanisa zima lilisimama, watu wakatokwa na machozi, mke wa mchungaji akamkumbatia. Mimi nilibaki nimekaa. Nilikuwa nawaza: nimefagia kanisa hili miaka yote hii, ni nani aliyewahi kusimama kwa ajili yangu? Siku hizi yuko kwaya. Akinipungia mkono, najifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Mama mmoja wa kikundi cha maombi anasema nina roho ya hasira, niongeze mfungo na niombewe. Rafiki yangu mwingine ananicheka. Anasema nitupe hayo yote, ni sheria za wanadamu, Mungu anaangalia moyo. Mtumishi, niongeze au niache? Na kikundi chetu kinaanza mfungo mwingine mwezi ujao, mimi ndiye niliyepangwa kuusimamia. Nijitoe?

Ni mimi, Mama Asiye na Amani

JIBU

Dada yangu mpendwa, amani ya Bwana iwe nawe.

Barua yako imenipa uchungu na matumaini kwa pamoja. Uchungu ni kwa ajili ya mtoto. Matumaini ni kwa sababu watu wenye daftari kama lako kwa kawaida hawaandiki barua ya namna hii. Huniandikia kuuliza wafanye nini na watoto wakaidi.

Swali la niongeze au niache tuliweke kando kidogo, tuanze na binti yako. Alichokuambia, Isaya alikwisha kuwaambia watu wazima. Katika sura ya 58 watu wanamlalamikia Mungu: mbona tumefunga, nawe huoni? Wanajibiwa hivi: "Tazama, ninyi mwafunga mpate kushindana na kugombana, na kupiga kwa ngumi ya uovu." Na usidhani walikuwa wanaigiza. Mistari ya mwanzo ya sura hiyo inasema walimtafuta Mungu kila siku na walipenda kuzijua njia zake. Walikuwa watu wa ibada kwelikweli. Ila Mungu alipoukagua mfungo wao hakuhesabu siku walizokaa na njaa; aliwatazama waliokuwa chini yao, wafanyakazi waliolemewa siku ile ile ya mfungo. Nyumbani kwako aliye chini yako ni mtoto wa miaka 11, na ameshatoa taarifa. Baba yake hakumkanya kwa sababu alijua ni kweli.

Sasa, huyo mama wa kikundi anayesema uongeze mfungo. Simdharau, nia yake ni njema. Lakini Sheria ya Musa iliagiza siku moja tu kwa mwaka ya watu wote kuzitesa nafsi zao, Siku ya Upatanisho, na iko katika Walawi 16. Yule Farisayo wa Luka 18 anasema anafunga mara mbili kwa juma. Piga hesabu: ni zaidi ya siku 100 kwa mwaka, pale ambapo torati ilidai moja. Kama kuongeza kungembadilisha mtu, yeye angekuwa wa kwanza kubadilika. Badala yake kiliongezeka kitu kingine: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." (Hili si la Mafarisayo peke yao, tusijidanganye. Kuna mwongozo wa Wakristo wa mwanzo kabisa, unaitwa Didake, unaowaambia waumini wasifunge pamoja na wanafiki, maana hao hufunga Jumatatu na Alhamisi. Ninyi fungeni Jumatano na Ijumaa. Kila nikiusoma nacheka. Tatizo la moyo tukalitatua kwa kubadilisha siku.)

Siku hizo hizo, Jumatano na Ijumaa, ndizo alizofunga John Wesley, mhubiri wa Uingereza, akiwa chuoni Oxford, na habari zake nataka uzisikie kwa sababu naye alikuwa na daftari. Kuanzia mwaka 1729 yeye na wenzake wachache waliishi kwa ratiba kali: kuamka mapema kuomba, kushiriki Meza ya Bwana kila juma, kutembelea wafungwa. Katika shajara yake aliandika saa baada ya saa alivyotumia muda na hali ya ibada yake ilivyokuwa. Watu wakawacheka, wakawaita Wamethodisti, yaani watu wa utaratibu. Mwaka 1735 akapanda meli kwenda Georgia, Marekani, kuhubiri. Njiani ikaja dhoruba, na mhubiri huyu aliyeshika kila kanuni akaona kwamba anaogopa kufa, wakati Wamoravia waliokuwa ndani ya meli ile ile wanaimba zaburi kwa utulivu, wao na watoto wao. Kazi ya Georgia ilimshinda. Akiwa njiani kurudi nyumbani mwanzoni mwa 1738 aliandika kwamba alikwenda kuwaongoa wengine, lakini yeye mwenyewe ni nani atakayemwongoa.

Tarehe 24 Mei mwaka huo, jioni, alikwenda bila hamu kwenye mkutano mdogo mtaa wa Aldersgate, London. Mtu mmoja alikuwa anasoma utangulizi wa Waraka kwa Warumi ulioandikwa na Martin Luther, mwanamatengenezo wa Ujerumani, mahali anapoeleza jinsi Mungu anavyoubadili moyo kwa imani katika Kristo. Wesley akasikia moyo wake unapata joto. Maneno hayo ya joto la moyo yanajulikana sana, na wahubiri wengi huishia hapo. Mimi hunivuta zaidi kile alichoandika baadaye kidogo: kwamba pale pale alianza kuwaombea kwa nguvu zake zote watu waliomtendea vibaya. Joto la moyo lilikuwa na anwani, likawaendea watu aliokuwa na kinyongo nao.

Hadithi haiishi vizuri sana, na hapo ndipo ninapoiamini. Mwezi Januari mwaka 1739 alikuwa anaandika tena kwamba yeye si Mkristo, kwa kuwa haoni ndani yake upendo na furaha anavyopaswa kuviona. Kufunga hakuacha. Tena mwaka 1743 alitoa kanuni kwa vikundi vyake, na kufunga kumo. Kwa hiyo Aldersgate haikumwondolea utaratibu. Ilimwondolea wazo kwamba utaratibu ndio unaomfanya akubalike kwa Mungu. Mambo hayo mawili kwa nje hufanana, mtu anaamka alfajiri ile ile, anapiga magoti pale pale. Tofauti yake utaiona glasi ya maji ikimwagika.

Nikuulize basi, na ujijibu mwenyewe kabla hujaendelea kusoma: siku ile mtoto alipomwaga maji, ni nini hasa kiliharibika? Karatasi zilizo na alama za vema. Ungekuwa na hati ya deni mkononi, inayosema unamdai Mungu malipo ya miaka yote hii, ukaona wino wake unayeyuka, ungepiga kelele zile zile. Ndivyo ninavyoiona hasira yako. Na ndiyo maana sina shaka kwamba jambo la binti na jambo la mdogo wako ni jambo moja.

Rudi Luka 15, kwa yule ndugu mkubwa wa mwana mpotevu. Anarudi kutoka shamba, anasikia ngoma, anakataa kuingia. Sikiliza anavyosema: "Tazama, mimi nimekutumikia miaka mingapi hii, wala sijakosa amri yako wakati wo wote, lakini hujanipa mimi mwana-mbuzi." Hajasema uongo. Baba yake hamkatalii hata neno moja la utii wake. Lakini ameishi nyumbani kwa baba kama kibarua anayesubiri mshahara, na anapomtaja mdogo wake anasema "huyu mwana wako", kana kwamba hawana undugu. Dada, ile "nimefagia kanisa hili miaka yote" ni sentensi yake, umebadilisha shamba tu. Kuitaja si kukuaibisha. Nataka uone kinachofuata kwenye mstari wa 28: "Basi babaye alitoka nje, akamsihi." Siku hiyo moja mzee yule alitoka nje mara mbili, mara ya kwanza kumkimbilia mpotevu, mara ya pili kumfuata mtiifu aliyenuna. Umeuliza ni nani aliyewahi kusimama kwa ajili yako. Baba huyo akakuambia nini? "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako." Hakuna mshahara unaodaiwa hapo, kwa sababu mtoto halipwi nyumbani kwao.

Na yule rafiki yako anayecheka? Yuko karibu na ukweli, ila amekimbilia mlango wa pili wa nyumba ile ile. Yesu aliwaambia waliotoa zaka hadi za mnanaa, bizari na jira kwamba wameacha mambo makuu, adili na rehema na imani, halafu akamaliza: "hayo imewapasa kuyafanya, wala yale mengine msiyaache." Na kile kisemo cha Mungu anaangalia moyo, watu hukitumia kama ruhusa. Kimetoka 1 Samweli 16, siku Mungu alipompita Eliabu, kaka mkubwa wa Daudi, mwenye umbo la kifalme. Mtu akikitafakari vizuri hakimpi nafasi ya kupumzika, maana sura ya nje naweza kuitengeneza, moyo siuwezi.

Moyo siuwezi. Hapo ndipo injili inapoanzia, na ndipo kanuni inapoishia. Paulo anawaandikia Wakolosai kuhusu amri za "Msishike, msionje, msiguse", anakubali kwamba zina sura ya hekima na ya kuutesa mwili, halafu anasema hazifai kitu kwa kuzizuia tamaa za mwili. Kanuni inaweza kuufunga mkono wako usimpige mtoto. Kumfurahia yule mtoto haiwezi kukupa. Daftari lako limekuwa kama kipimajoto: limekuonyesha joto kila siku kwa uaminifu, nawe ukategemea likuponye. Ezekieli 36 inaiweka kazi hiyo kwa mwingine kabisa: "Nami nitawapa ninyi moyo mpya." Nitawapa. Kinachopewa hupokewa, na kwa kawaida anayepokea ni yule aliyekuja mikono mitupu, kama mtoza ushuru ambaye sala yake yote ilikuwa "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi."

Wala usihofu kwamba neema itakufanya mlegevu. Mtazame Zakayo. Yesu aliingia nyumbani kwake bila kumpa orodha yoyote, na ni Zakayo aliyesimama akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne. Torati, katika Hesabu 5, ilimdai mtu anayeungama kosa lake arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo aliipita sheria mbali sana, na hakuna aliyekuwa amemshikia daftari.

Sasa tufanye nini.

Leo au kesho, mkalishe binti yako peke yake. Usiende na Biblia, usianze na maombi. Mwambie: "Siku ile ulipomwaga maji nilikuambia maneno mabaya. Wewe hukukosa. Mimi nilikosa. Naomba unisamehe." Kisha nyamaza. Usiongeze "lakini nilikuwa nimefunga". Usiseme "kama nilikuumiza", maana unajua ulimuumiza. Huenda atasema "sawa, mama" na kuondoka. Mwache aende, usimfuate kudai akukumbatie ili wewe ujisikie vizuri. Ataangusha kitu kingine siku moja, na siku hiyo ndiyo atakayoikumbuka. Mume wako naye anahitaji kusikia kwamba umekiri, kwa sababu amekuwa akinyamaza muda mrefu kuliko unavyojua.

Kwa mdogo wako, soma Mathayo 5:23 na 24 kabla ya sadaka yako ijayo. Hapa huenda wengine hawatakubaliana nami: sidhani unapaswa kwenda kummwagia wivu wako wote kwa mara moja. Wivu uungame kwa Mungu, na kwa mama mmoja mkomavu ambaye hatashtuka wala kutangaza. Yakobo 5:16 ni agizo, na wewe umelikwepa kwa kuungamia karatasi. Kwa mdogo wako anza kwa kuitikia mkono anaokupungia. Kaa naye. Muulize miaka ile aliishije, umsikilize hadi mwisho bila kumwambia ulishamwonya. Nakuhakikishia hutamwonea wivu tena kwa kuishi "alivyotaka". Siku akikuuliza kwa nini ulikuwa unamkwepa, mwambie ukweli.

Daftari lifunge kwa muda. Usilichome, si sanamu, na kuchoma vitu hutupa hisia kwamba tumebadilika wakati hatujabadilika. Omba na usome kama kawaida, ila usiandike. Siku za kwanza utahisi kama umekaa uchi, na hisia hiyo ndiyo ya kumpelekea Mungu. Halafu soma Wagalatia 5:22 na 23 uone lile tunda la Roho: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Jaribu kuweka vema mbele ya "upole". Nani atakayesahihisha? Anayeishi nawe ndiye anayejua. Ila usimgeuze binti yako kuwa mkaguzi wako kwa kumuuliza kila jioni, "mama amekuwaje leo?" Ni mtoto, mwache awe mtoto.

Kuhusu roho ya hasira, kuombewa si vibaya, ombewa. Lakini mwili ulioshinda njaa huchoka na kukereka upesi, si kila ukali ni pepo, na kwa hili lako njia ya toba iko wazi bila kumtafuta mtu wa kulaumu, hata kama mtu huyo ni shetani.

Na mfungo wa mwezi ujao: ndiyo, jitoe kuusimamia. Mwambie kiongozi wako mapema ili apate mtu mwingine, na mwambie sababu halisi kwa kifupi, kwamba una mambo ya kutengeneza nyumbani. Usitafute kisingizio cha ugonjwa. Kama baada ya kutengeneza utaona bado unataka kufunga, funga siku moja, usitangaze, na upange iwe siku ambayo huna kazi nzito na watoto. Ukijikuta saa tisa unawafokea, kula, uwaombe radhi, ujaribu tena wakati mwingine. Wakikuuliza kikundini kwa nini hukumaliza, waambie tu kwamba ulikula.